Mjane wa Timu ya Wageni

Baba yangu alikuwa mjane mara nyingi kuliko mwanamke yeyote ninayemjua. Kila timu kubwa ilipokuja kucheza Kolwezi, yeye ndiye aliyekuwa mke wa marehemu. Alijifunga kitenge cheusi cha mama, akajitanda kitambaa usoni, akajipaka majivu mikononi, kisha akatembea nyuma ya jeneza tupu lililopakwa rangi za wageni, akilia kwa sauti iliyofika hadi soko la Manika. Nyuma yake walifuata washabiki wengine na ngoma na tarumbeta. Jeneza lilizungushwa mitaani, likaingizwa uwanjani, na refa alipopuliza filimbi, wageni walikuwa wameshazikwa. Kama walitufunga baadaye, hiyo ilikuwa bahati yao. Sisi kilio chao tulikuwa tumeshakimaliza.

Mama hakupenda hata kidogo. Kitenge kile alikinunua kwa msiba wa mama yake, na kila baba alipokivuta kutoka sandukuni alimwambia maneno yale yale.

"Unaita kifo na mudomo. Siku moja itaitika."

"Ikiitika," baba alijibu, "utakuwa na kitenge tayari."

Ndivyo walivyotaniana maisha yao yote. Baba alifanya kazi ya umeme Nzilo, kwenye bwawa, na baba yake aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, kazi za hatari zote mbili, kwa hiyo kwetu kucheka ilikuwa kama chumvi mezani. Mimi nilirithi ulimi wao bila kurithi subira yao. Ninauza vitenge sokoni, na wateja wangu wanajua kwamba anayeshusha bei kupita kiasi atasikia habari za ukoo wake wote.

Kulikuwa na desturi nyingine, na hiyo haikuwa ya mchezo. Mshabiki wa kundi lao akifa, jeneza lake hupitishwa uwanjani kabla ya makaburi. Wenzake hulibeba mabegani na kuuzunguka uwanja mara moja, polepole, ngoma ikipigwa ile ya msiba wa kweli, pigo moja, kimya, pigo moja. Baba aliwazungusha wengi hivyo. Mwaka jana, moyo ulipoanza kumchosha na akawa hawezi kufika hata kwenye kona ya barabara, alimwambia mama mbele yangu: "Munipitishe kule. Mukishindwa kitu kingine chochote, hapana shida. Ile moja musishindwe."

Mama alikubali kwa kichwa. Akikubali kwa kichwa, mama huwa ameapa.

Lakini uwanja wenyewe ulikuwa umebadilika. Mashindano yalinunuliwa na televisheni, na mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Waliweka nyasi za bandia na taa, nasi tukashangilia kama watoto. Kisha ratiba ikaanza kuhama. Mechi ya Jumapili baada ya misa ikawa ya Jumatano, ikawa ya Jumamosi saa saba jua la utosi, na wakati mwingine tulipata habari tumeshavaa. Upande wa jua, ambapo baba alisimama tangu ujana wake, ulifungwa kwa sababu kamera zinaupa mgongo. Walitandika maturubai ya matangazo juu ya vikalio. Watu wote walisukumwa upande wa pili ili waonekane wamejaa. Kijana mmoja alikuwa akipita mbele yao akipunga mikono, kuwaambia waimbe sasa, wanyamaze sasa.

Majeneza ya mchezo yalipigwa marufuku. Walisema yanachafua sura ya mashindano. Baba alirudi nyumbani siku ile na kitenge cha mama kikiwa kimekunjwa kwapani, akakirudisha sandukuni mwenyewe. Hakwenda tena. Vijana wanaochimba kobalti, ambao zamani walikuja uwanjani na vumbi lao, sasa walijaa kwenye baa zenye dekoda, wakiweka beti juu ya timu za Ulaya. Mjomba wangu, mdogo wake mama, alimwalika baba akaangalie huko kwa baridi ya bia. Baba alikataa. Alisema mpira wa kwenye kioo ni chakula unachoonyeshwa na jirani. Sisemi mpira ulimuua. Moyo ndio uliomuua, daktari alieleza vizuri. Ila nilimwona anavyokaa Jumapili mchana, na nilikasirika, na bado nimekasirika.

Alipofariki tulipanga maziko Jumatano. Tulichagua Jumatano kwa makusudi, maana mechi ilikuwa Jumapili na uwanja ungekuwa mtupu. Ndugu wa Kasai walisafiri kwa treni hadi Tenke na kumalizia kwa gari, miguu imevimba. Padri alipangiwa saa, kaburi likachimbwa. Jumanne jioni redio ikatangaza kwamba kwa sababu za urushaji, mechi imeletwa Jumatano alasiri.

Fikiria nyumba yenye kilio ikipokea habari hiyo. Wazee wa Kasai walisema twende makaburini moja kwa moja, marehemu ataelewa. Chumba cha maiti kilikuwa hakitaki kumlaza tena. Mama alikuwa ameketi mkekani, miguu imenyooka, amejifunga kitenge kile kile cheusi.

"Kama hapite mule, hatumuzike kesho," alisema. "Mutamurudisha hapa. Nitamulinda miye."

Nilijua hatanii, na nilijua pia kwamba maiti haiwezi kurudishwa nyumbani kwa joto lile. Usiku ule sikulala.

Jumatano tulitoka kanisani mapema. Jeneza lilikuwa nyuma ya gari ndogo, limefunikwa bendera ya timu, na pembeni yake alikaa seremala. Huyu alikuwa rafiki wa baba na mpiga ngoma wa kundi. Ndiye aliyetengeneza majeneza yote ya wageni, kwa mbao za makreti, na sasa alikuwa ametengeneza hili kwa mbao nzuri. Alikuwa amelipigilia misumari mwenyewe asubuhi, akilia bila kujificha. Mama alikaa mbele na kitambaa usoni. Mimi nilikuja nyuma kwa pikipiki, wabebaji wakiwa kwenye basi dogo na ndugu wengine. Mpango ulikuwa kuingia kabla watu hawajajaa, kuzunguka mara moja na kuondoka. Padri alitangulia makaburini akiwa na cheti cha maziko.

Getini kulikuwa na watu wawili. Mmoja alikuwa kijana mwenye kitambulisho shingoni na simu ya upepo mkononi, aliyeletwa kutoka mbali kwa ajili ya matangazo. Kiswahili chake kilikuwa cha kujifunza. Wa pili alikuwa polisi wa hapa hapa, mtu mzima mwenye tumbo, niliyemwona uwanjani tangu utoto wangu.

Wabebaji waliposhusha jeneza na kuliweka mabegani, polisi yule alianza kucheka. Alicheka kwa furaha, kama mtu aliyeona kitu alichokikosa siku nyingi. Akamsogelea mama.

"Eh, papa," alimwambia mama yangu. "Leo umevaa muzuri. Mutu angesema mwanamuke wa kweli."

Alimdhania mama kuwa baba. Aliona kitenge kile, kitambaa kile, seremala yule na ngoma ile, na jeneza likiwa mabegani siku ya mechi. Angedhani nini kingine?

Mama alifunua uso.

"Mi niko mwanamuke wa kweli," alisema. "Na bwana yangu eko mule ndani."

Polisi akazidi kucheka, akajipiga paja. Maneno hayo hayo ndiyo baba aliyokuwa akiyasema kila mara pale getini, kwa sauti ya kike, akionyesha sanduku tupu. Bwana yangu eko mule. Mji mzima uliyajua. Mama hakuwahi kufika uwanjani hata siku moja, hakujua kwamba anasema maneno ya mchezo wa mumewe.

"Wee, wamepata mwingine," polisi alimwambia kijana. "Huyu analia kupita ule wa zamani. Ni vile banafanyaka, mukubwa. Ni kilio ya wageni."

"Jeneza haliruhusiwi," kijana alisema. "Nimeandikiwa. Jeneza, fataki, mabango ya matusi. Rudisheni."

"Hii si ya mchezo," nilisema. "Huyu ni baba yangu. Amekufa."

"Wote wanasema hivyo."

"Nani wote? Umekuja hapa lini, wewe, hata ujue wote wanasema nini?"

Nilimwambia mengine, ambayo mama alinikanya baadaye. Hayakusaidia. Kadiri nilivyopiga kelele ndivyo polisi alivyoniona mwigizaji mzuri. Watu waliokuwa na tiketi walianza kujaa nyuma yetu, na baadhi walitusukuma wapite. Wabebaji walikuwa wanatoka jasho, mmoja akabadilisha bega na jeneza likayumba, nikasikia kitu kikisogea ndani. Sauti ndogo tu. Mama naye aliisikia. Alifumba macho.

Seremala alijaribu kwa upole. Alimweleza kijana kwamba wanataka kuzunguka mara moja tu, nje ya mistari, na kwamba padri anangoja, jua halingoji. Kijana alisikiliza simu yake ya upepo, ambayo ilikuwa inapiga kelele za watu wanaotaka nyaya na watu wanaotaka maji. Alikuwa na hofu, niliona. Mtu aliyetumwa mbali na kwao huogopa kukosea kuliko anavyoogopa kutenda ubaya.

"Kama kweli ni maiti," alisema hatimaye, "fungueni nione."

Watu waliokuwa karibu waliacha kusukumana. Hata polisi aliacha kucheka, ingawa tabasamu lilikuwa halijamtoka. Kwetu jeneza likishapigiliwa halifunguliwi. Nilimtazama seremala, naye alikuwa ananitazama, na sote wawili tuliogopa kumtazama mama.

Mama ndiye aliyesema. "Mupe nyundo."

Seremala hakuelewa.

"Nyundo yako iko mu gari. Umupe."

Wabebaji waliliteremsha jeneza kwenye vumbi, mbele ya geti. Seremala alikwenda kwenye gari, akarudi na nyundo, akamnyooshea kijana kwa mikono miwili kama anavyopewa mtu mkubwa. Kijana aliipokea kabla hajafikiri.

"Fungula," mama alimwambia. "Lakini ni weye utafunga. Kiisha utakuya kulala na siye ku kilio, sababu mwenye kufunga sanduku ni mutoto wa nyumba. Utanyolewa kichwa pamoja na batoto bangu. Fungula, mwana wangu."

Hakuwa anamtisha. Sauti yake ilikuwa ile anayotumia kumkaribisha mtu mezani, na hiyo ndiyo iliyonitoa machozi. Kijana alisimama na nyundo mkononi. Alipiga goti moja, akaweka ncha ya nyundo kwenye msumari wa kwanza, akaukuta umezama sawasawa, umepigwa na mtu aliyekusudia usitoke. Nikasikia harufu ya dawa ya chumba cha maiti ikipanda kutoka kwenye mbao, na naye aliisikia, kwa sababu aliondoa mkono haraka.

Polisi alivua kofia.

"Ni yeye?" aliniuliza kwa sauti ya chini. "Ni papa ya kilio mwenyewe?"

"Ni yeye."

Alijipangusa uso kwa kofia yake. Kisha akamnyang'anya kijana nyundo, akamrudishia seremala, akasukuma geti kwa kiuno. Kijana hakumzuia, lakini alikumbuka kazi yake na akaweka masharti: tupite nyuma ya mabango, ngoma isipigwe maana sauti za uwanja zinachukuliwa, na tuwe tumetoka kabla ya matangazo kuanza. Nilitaka kumjibu. Seremala alinibana mkono.

"Heri nusu shari," alinong'ona.

Basi tukaingia. Kwa miaka yote niliyoujua uwanja ule, sikuwahi kukanyaga karibu na nyasi zake. Zilikuwa kijani kupita kiasi na zilinuka mpira wa gari uliochemka juani. Tulianzia nyuma ya goli, upande wa maturubai, ambako hakukuwa na mtu ila picha za simu na bia. Pale ndipo baba alipokuwa akisimama. Mama alipitisha kiganja juu ya turubai moja akitembea, kama anayetafuta mlango.

Kisha tukakunja kona tukatokea mbele ya watu.

Kwanza ulikuwa mluzi mmoja. Halafu vijana wa juu kabisa, wachimbaji wachache waliokuwa bado wanakuja, niliwajua kwa vumbi la nguo zao, waliona jeneza na mjane wake, wakaruka. Sikuwahi kuona furaha ya namna ile. Walidhani tumelipitisha kwa hila, kwamba kilio cha wageni kimerudi na wenye televisheni wameshindwa. Wimbo ukaanza, ule ambao baba aliutunga jikoni kwetu akimenya mihogo:

*Balikuya na basi, batarudia na sanduku,*
*Mama, usilie sana, bwana mwingine utapata.*

Waliucheza, wakapunga vitambaa, wakatupigia makofi. Upande mzima uliimba. Mama yangu alitembea nyuma ya mumewe, na watu wakamwimbia kwa kicheko kwamba atapata bwana mwingine. Nilitamani ardhi iwameze wote. Nilifungua mdomo kuwatukana, wimbo ukanifunika. Mbebaji wa mbele, binamu yangu, aligeuka kuniuliza kwa macho tufanye nini, tukimbie au tusimame. Tulikuwa katikati, mbali na geti tuliloingilia na mbali na geti la kutokea, na pale kando ya mstari yule kijana wa kupunga mikono alikuwa anawashangilia, ameridhika, maana kelele ndizo alizotaka.

Seremala alikuwa ameivaa ngoma yake shingoni tangu getini, mikono ikining'inia. Nilimwona akimwangalia mama. Mama hakugeuka. Aliinua kidole kimoja tu, ubavuni mwake.

Seremala akapiga pigo moja.

Kimya. Kisha pigo jingine.

Kila mtu wa Kolwezi anaijua ngoma ile. Waliokuwa karibu nasi walinyamaza kwanza, mzee mmoja akavua kofia, akampiga kofi la mgongoni kijana aliyekuwa bado anacheza. Wimbo ukafa safu kwa safu, kutoka chini kwenda juu, hadi wale wa juu kabisa wakabaki wanaimba peke yao, kisha wawili, kisha mmoja, kisha hakuna. Watu walisimama. Nilisikia viatu vya wabebaji juu ya zege.

Wachezaji walikuwa wanatoka chumbani. Taa nyekundu ya kamera iliwaka. Kijana wa kupunga mikono alikimbia huku na huku mbele ya watu, akiwaomba waimbe, akipiga makofi mwenyewe, akisema tuko hewani, tuko hewani. Hakuna aliyemwangalia. Kijana wa getini alikuja mbio na simu yake ya upepo, nikajua anakuja kuizuia ngoma. Alipotufikia alisimama tu, akasubiri tupite. Pigo moja, kimya. Tulimaliza mzunguko na kutokea geti la ambulansi, na nyuma yetu bado hapakuwa na sauti.

Tulimzika jua likiwa juu ya miti.

Jioni, nyumbani, mjomba alikuja na viti mkononi. Alikuwa ametumwa mchana kuazima viti kwenye baa ya ng'ambo ya barabara, akaviazima polepole, na kila mtu alijua kwa nini. Nilianza kumsema. Alinikatiza, amekasirika kuliko mimi.

"Balitutukana," alisema. "Yule mwenye kusema ku televisheni. Balionyesha uwanja, anasema Kolwezi imekufa, haina washabiki tena. Anasema: sikilizeni, batu bamejaa, lakini hata sauti moja haiko. Anasema ni aibu. Inchi yote ilikuwa inasikiliza ile kimya, na yeye anatucheka."

Wazee wa Kasai walilaani. Mimi nilisimama, nikatafuta mtu wa kumpigia simu, kana kwamba ninayo namba ya televisheni.

Mama alikuwa mkekani, miguu imenyooka. Alimwita mjomba aketi karibu yake.

"Alisema hata sauti moja?"

"Hata moja, yaya," mjomba alimjibu dada yake.

"Na inchi yote ilisikia?"

"Yote. Hata Kasai."

Mama alilainisha kitenge juu ya magoti yake.

"Basi muache kulaani," alisema. "Bote bamemunyamazia."